Pumzi ya Chiriku

Mwalimu wetu wa kwaya hakuanza kwa kusikiliza sauti ya mtu. Alianza na pumzi. Ukija mazoezini kwa mara ya kwanza, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa letu huku ughaibuni, Langley Park, alikutaka usimame wima, ufungue mdomo kama mtu anayetaka kuimba, halafu usiimbe. Yeye alisimama nyuma yako, kimya. Wanawake aliwawekea kiganja mgongoni, chini kidogo ya mbavu. Sisi wanaume, kwa heshima, kwani yeye ni mwanamke, alitugandamizia kitabu cha nyimbo mahali hapohapo. Kisha alikuambia uvute hewa, na kabla hujatoa hata noti moja alikuwa ameshajua utakaa wapi: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu au besi.

Mimi aliniweka besi. Alinipa na onyo moja, ambalo alilirudia kwa miaka mingi baadaye, hata tulipokutana dukani tukichagua ndizi.

"Baba Neema, weye unapandisha hewa mu mabega. Ishushe."

Alisema Kiswahili cha Bukavu, cha watu wa Kongo, nasi tulikuwa mchanganyiko: Wakenya, Watanzania kama mimi, Warundi wachache na Wakongo wengi. Yeye alisema pumuzi, sisi tukasema pumzi. Alisema ndeke, sisi tukasema ndege, alisema njo, sisi tukasema ndiyo, na vijana wa Nairobi waliokuwa sauti ya tatu walicheka kila mara. Hakukasirika. Aliwaambia wacheke tu, ila wakicheka waangalie tumbo linavyofanya kazi, maana hakuna mtu anayecheka kwa mabega. Akawachekesha makusudi, akawasimamisha katikati ya kicheko na kuwaambia waimbe kutoka palepale. Waliimba vizuri kuliko siku zote.

Ndege ndio waliokuwa mfano wake wa kila jambo. Kwao alikuwa amefundisha sayansi shule ya sekondari, na wakati huohuo kuongoza kwaya, na nadhani kazi hizo mbili zilishaungana kichwani mwake zamani. Alipotaka tuimbe kwa upole alitaja ndege fulani wa bustanini. Alipotaka tufungue koo alimtaja yule mwekundu mwenye kishungi, anayekaa juu ya waya za umeme akipiga miluzi asubuhi nzima. Simu yake ilikuwa imejaa sauti za ndege alizorekodi mwenyewe akiwa kituo cha basi, na nyuma ya kila ndege unasikia mtu anaita mwenzake kwa Kihispania au basi linafunga breki. Mlio wa simu yenyewe ulikuwa ndege. Mara nyingi alitunyamazisha kwa ukali, akanyanyua mikono tuanze, na mkoba wake ukaanza kuimba.

Mambo yake mengine hayakupatana. Alituambia tutunze pumzi kama kitu cha thamani, tusiimwage kwa maneno kabla ya kuimba, na yeye mwenyewe alikuwa msemaji ambaye sijaona mfano wake. Alizungumza na dereva wa basi, na mama aliyekaa mbele, na mtoto wa huyo mama. Nilimpa lifti mara moja kutoka Langley Park mpaka Springfield, foleni ikatukamata kule barabara zinakopishana juu kwa juu, na mpaka tunafika nilikuwa nimeijua habari ya kila mtu kanisani isipokuwa yangu. Alitukataza kula kabla ya kuimba, kwa sababu tumbo lililojaa halina nafasi ya hewa. Halafu ungemkuta jikoni kwenye ukumbi wa harusi, dakika chache kabla hatujaitwa, ameinamia sahani ya sombe, ile ambayo kwetu Tanga tunaiita kisamvu. Alisema anaonja chumvi tu. Alionja sahani nzima.

Aliwapenda ndege lakini aliogopa kabisa kitu chochote chenye manyoya. Mbwa akipita na mwenyewe upande huu wa barabara, Mwalimu alivuka kwenda upande ule, hata kama mbwa ni wa kubebwa mkononi. Alivaa koti mpaka mwezi wa sita. Alifika mazoezini mapema kuliko wote, na kila mazoezi yalipokwisha alichelewa basi, kwa sababu ya maneno.

Wakati huo walikuwa wanachimba barabara ya mbele ya kanisa kupitisha reli mpya. Mashine zilitoboa lami Jumamosi zote, na ukuta wa ukumbi ulitetemeka. Tulipendekeza tuhamie kwingine. Yeye akakataa. Alitufundisha kuvuta hewa mashine ikiwa inanguruma na kuimba ikinyamaza, na siku ambazo mafundi hawakuja tulijikuta tunapotea. Siku moja alitoka nje na koti lake, akaenda kuzungumza na fundi mmoja wa mashine. Sijui walielewana kwa lugha gani. Alirudi akasema yule bwana ana pumzi nzuri sana, anapiga mluzi juu ya kelele zote zile, na amemwalika Jumapili. Alikuja kweli, akakaa kiti cha nyuma.

Lakini kama kuna siku moja ambayo kila mwanakwaya ataisimulia, ni siku ya kinamasi.

Ilikuwa mwisho wa baridi, asubuhi ya jua kali lisilo na joto. Mwalimu aliazima basi dogo la kanisa, akatupeleka karibu na Springfield kwenye hifadhi moja yenye maji yaliyotuama na matete, ambako wamejenga daraja la mbao la kutembelea. Hakutuambia tunafuata nini. Tulitembea tukitetemeka, wengine wakinung'unika kwamba mazoezi ya kwaya hayajawahi kuhitaji glavu. Akatusimamisha. Juu ya tete moja alikuwa ametua ndege mweusi, begani ana doa jekundu kama utepe wa askari, na jua lilikuwa nyuma yake.

Ndege akainamisha kichwa, akapanua mabega, akaimba. Na mdomoni mwake ukatoka mvuke.

Tuliuona wimbo. Sijui niseme namna gani zaidi. Sauti ilipoanza, moshi mwembamba ulitoka. Sauti ilipopanda, ukajikunja hewani kama kamba. Sauti ilipokwisha, ukakatika. Ndege wa pili akajibu kutoka ng'ambo, na yeye akatoa wake.

"Munaona?" akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Ndeke anaimba akitoa hewa. Haimbi akivuta. Wimbo njo pumuzi yenyewe."

Halafu akatugeuza tuelekee jua, akanyanyua mikono, nasi tukaimba pale darajani, watu ishirini na kitu wenye kofia za sufu, na mvuke wetu ukapanda pamoja. Aliyekuwa akipumulia mabegani alionekana: moshi wake ulitoka vipandevipande. Wangu ulikuwa mmojawapo. Wazee wawili waliokuja na darubini zao kutazama ndege wakazishusha wakatutazama sisi.

Mafundisho yake ya miaka yote yalikuwa ndani ya siku hiyo, na humo ndimo lilimokuwa kosa. Kwa kuwa ndege haimbi akivuta hewa, Mwalimu aliamini kwamba hujaza kifua mara moja, kisha akamwaga wimbo wote kwa pumzi hiyo moja. Chiriku anayeimba mfululizo bila kukatika, alisema, amejaza mara moja. Nasi tutajaza mara moja. Mstari wa wimbo, hata uwe mrefu namna gani, haukatwi katikati. Mtu akivuta hewa kwa siri, Mwalimu aliisikia, akasimamisha kwaya, akamtazama tu. Mtazamo ule ulitosha.

Mimi niliweza. Nilikuwa na kifua kipana, na kazi yangu ya kutengeneza viyoyozi kwenye majengo ilikuwa ya kupanda ngazi mchana kutwa. Kisha, majira ya baridi yaliyofuata, nikapata homa ya mapafu. Nililazwa, nikatoka, nikaambiwa nimepona. Na kwa kweli nilipona, ila hewa haikurudi yote. Nilipanda ngazi nikasimama katikati. Niliporudi kwenye kwaya niliimba nusu ya mstari na nusu nyingine nikafungua mdomo bila kitu. Jumamosi ya kwanza Mwalimu hakunitazama. Ya pili vilevile. Kule kutonitazama kuliniumiza kuliko mtazamo wenyewe.

Mke wangu alikuwa amefariki miaka michache kabla, na Neema, binti yetu, alikuwa chuo, anarudi nyumbani mwisho wa wiki baadhi ya wiki. Jumamosi ya kwaya ndiyo siku niliyokuwa nikinyoosha shati. Nilijiambia ni afadhali niondoke mwenyewe kuliko kusubiri kuambiwa. Nikampigia Mwalimu simu nikamwambia nashukuru kwa yote, lakini besi itafutiwe mtu mwingine. Akauliza kama niko nyumbani. Nikasema nipo. Akakata.

Alifika kwa mabasi mawili, amebeba chungu cha supu amekifunga kitenge, na bila kukaa akaanza kuzungumza: juu ya dereva, juu ya baridi, juu ya vitunguu vya huku visivyotoa machozi. Neema alikuwepo mezani na kompyuta yake. Mwisho Mwalimu akafika kwenye jambo lenyewe. Akasema nitasimama kwenye kwaya hata kama siimbi, nitafungua mdomo tu, na hakuna atakayejua. Nikamwambia mimi nitajua. Yeye akasema basi pumzi itarudi, tuifanyie mazoezi, hata kifaranga cha chiriku hakianzi na pumzi ndefu, kinaijenga pole pole mpaka kinaweza kuimba wimbo mzima bila kuvuta hewa.

Neema akanyanyua kichwa. Watoto wetu wanasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo alianza hivyo, akaona uso wa Mwalimu, akarudi nyuma akasema kwa Kiswahili chake cha kuunganisha.

"Samahani, Mwalimu. Chiriku anavuta hewa. Anavuta kila wakati."

Akaeleza. Chuoni kwao alikuwa anasaidia kwenye maabara ya ndege, kazi yake hasa ni kulisha na kusafisha vizimba, lakini darasani walikuwa wamefundishwa jinsi chiriku anavyoimba. Ndege kweli huimba akitoa hewa, hapo Mwalimu alikuwa sahihi. Lakini kati ya sauti moja na nyingine, mahali ambapo sikio letu linasikia mfululizo, huvuta pumzi ndogo sana, ya haraka sana, kiasi cha kurudisha hewa aliyoitumia kwa sauti ile moja tu. Ndiyo maana anaweza kuimba kwa muda mrefu vile bila kuishiwa. Akamwonyesha kwenye kompyuta: juu mistari ya sauti, chini mstari wa msukumo wa hewa kifuani mwa ndege. Sauti ikilia, mstari wa chini unapanda. Sauti ikikatika, unashuka kidogo tu, hapo ndege anavuta hewa, kisha unapanda tena. Panda, shuka, panda, shuka, kama cherehani inavyoshona. Akaupunguza wimbo mwendo, na kwa mara ya kwanza tukasikia mianya.

Mwalimu aliinama karibu na kioo cha kompyuta. Alimwambia Neema arudie. Akamwambia arudie tena. Nikaona nimletee maji. Nilidhani amefedheheka; mtu amefundisha kitu nusu ya maisha yake, sasa binti wa mwanakwaya wake anakivunja mbele ya supu.

Kumbe alikuwa anahesabu kwa midomo, anajaribu kupumua sawa na ndege.

"Basi miaka yote hii nilikuwa naambia batu bongo," akasema, akaanza kucheka. Kwao bongo ni uongo, na kwetu Bongo ni nchi yetu, kwa hiyo nami nikacheka, na Neema, ambaye hakuelewa upande wowote wa utani huo, akacheka kwa kutuona. Mwalimu alimkumbatia, akamwita profesa, akamtaka aeleze kila kitu tangu mwanzo. Neema akajaribu kumwonya kwamba binadamu si ndege, kwamba ndege ana mapafu yake na mifuko ya hewa mwilini, kwamba sisi hatuwezi kufanya kile kitu.

"Mwanangu, miye sitafuti mabawa," Mwalimu akamjibu. "Natafuta pahali pa kupumua."

Supu ilipoa. Nilimrudisha kwa gari, na njia nzima hakunisemesha. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, mstari ule mrefu ulionishinda, akiukata kwa vipumzi vidogo: huku, hapana, huku, hapana, hapa, ndiyo.

Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya kwaya nzima akasema alikosea. Hakuzunguka, hakusema "labda". Alisema ndege anavuta hewa, na aliyemfundisha ni binti wa Baba Neema, na kuanzia leo kila mtu atapumua. Mama mmoja wa sauti ya kwanza, Mkenya, ambaye amewahi kutazamwa mara nyingi kuliko sisi wote, akauliza kwa upole kama zile pumzi alizoiba miaka iliyopita sasa zimesamehewa. Ukumbi ulicheka mpaka Mwalimu akasema tazameni matumbo, tuimbe kutoka hapo.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko ya zamani. Ilibidi tujifunze kuvuta hewa kidogo, chini, bila kelele, na kila mmoja mahali pake, ili mwenzako anapovuta wewe unashikilia, na mstari usikatike kwa anayesikiliza. Alituita mmojammoja. Mimi alinipa mahali pengi kuliko wengine, na kila mahali palikuwa kati ya neno na neno ambapo besi wenzangu walikuwa bado wamejaa hewa. Aligandamiza kitabu cha nyimbo mgongoni kwangu kama siku ya kwanza. Wiki za mwanzo nilisikika kama mtu anayepuliza makaa. Kisha Jumamosi moja nilifika mwisho wa mstari, nikashangaa niko pale, na hewa imebaki. Niligeuka kumtafuta. Alikuwa amegeukia ukuta, anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na alipogeuka akadai vumbi la reli linaingia mpaka ndani.

Tuliimba wimbo ule kwenye harusi Springfield, ya kijana wa Kirundi na binti wa Kikongo. Ukumbi ulikuwa umejaa, watoto wanateleza sakafuni na soksi, na mpiga picha amepanda juu ya kiti. Neema alikuja, akakaa mbele. Baadaye aliniambia alijaribu kutazama vifua vyetu aone nani anavuta hewa na wakati gani, akashindwa, maana ilikuwa kama kuna mtu mmoja tu mkubwa anayeimba. Mimi nilikuwa najua kila mwanya ulipo. Niliimba mwanzo mpaka mwisho. Watu walipopiga vigelegele Mwalimu hakuinama. Alikuwa anazungumza tayari, anamweleza bwana harusi habari za chiriku.

Sasa haishi tena Langley Park. Magoti yake yalishindwa na ngazi, akahamia Manassas kwa binti yake, na kwaya inaongozwa na yule mama Mkenya aliyesamehewa, ambaye ni mkali vilevile. Nilikwenda kumwona mwezi wa tano, Jumapili mchana. Nyuma ya nyumba yao kuna miti mingi, na nilimkuta huko, kwenye kiti cha plastiki, fimbo mapajani. Amenenepa kidogo. Sauti yake imeshuka, akasema sasa anafaa kuimba besi, nichunge nafasi yangu. Alinieleza habari za majirani wote, pamoja na wale ambao hana lugha ya kuzungumza nao.

Kisha akanyanyua kidole. Ndani ya miti ndege alikuwa anaimba. Sauti ilikuwa ya filimbi, na mwishoni ikatetemeka kama kengele mbili ndogo zinazogusana. Akaniambia Neema alimpigia simu juzi, akamweleza kwamba huyu, wa kahawia mwenye madoa kifuani, ana koo la sauti ndani kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika, na kila upande una sauti yake. Pumzi moja, noti mbili kwa wakati mmoja. Amejaribu wiki nzima, akasema, bafuni na jikoni, na haiwezekani kwa mtu.

"Kwa mutu mumoja," akaongeza, akanitazama.

Akachukua noti ya juu. Mimi nikachukua ya chini. Sauti yake ilikwaruza, yangu ilitetemeka, lakini zilikutana. Hewa yake ikaisha kwanza. Akavuta kidogo, bila haya, nami nikashikilia mpaka akarudi. Kisha nikavuta mimi, naye akashikilia. Tukaendelea hivyo, zamu kwa zamu, mpaka binti yake akafungua dirisha la jikoni.

"Mama, wageni wamefika wangapi? Niongeze sahani?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Akamwambia aongeze tu, na kabla dirisha halijafungwa alikuwa ameshavuta pumzi nyingine.